Nauli ya Kichwa cha Mashine

Baba mdogo alikuja Mumbuni Jumamosi asubuhi akiwa na jembe lisilo na mpini, akasema analipeleka kwa fundi mjini. Akaketi, akanywa chai yangu, akala mkate niliowawekea wadogo zangu. Kisha akasema Desemba ikiisha anawachukua wote watatu. Anayenifuata ataenda Nairobi kwa mama mmoja anayetafuta msichana wa kazi. Wa kati ataishi naye Kalama amsaidie mkewe shambani. Kitinda mimba atapelekwa kwa shangazi Makueni. Alisema haya yote akipuliza chai.

Nikamwambia hawaendi.

"Utawalisha na nini?"

"Na ile." Nikamwonyesha mashine.

Mama alikuwa ametuachia chumba cha kupanga na mashine ya kufuma sweta. Baba alikuwa ametangulia kufa, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, nikafunga vitabu kwenye gunia nikakaa pale alipokuwa akikaa yeye. Shule mbili za msingi zilikuwa zimenipa kazi ya sweta za Januari. Sweta hizo ndizo zingelipa kodi na kutuweka pamoja, na baba mdogo alilijua hilo. Aliinuka akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaipiga kwa lile jembe mara moja, mara mbili, mara tatu, bila kelele, kama mtu anayepasua kuni.

Nilimrukia mgongoni. Alinitupa ukutani, nikarudi, nikamng'ata mkono hadi nikasikia chumvi ya damu yake. Alinipiga ngumi sikioni. Wadogo zangu walikuwa chini ya meza, wanatazama miguu yetu. Alipotoka alisema, "Januari," akaliacha jembe pale sakafuni.

Sindano za mashine zilikuwa nzima na kitanda zinamolala kilikuwa kizima. Kilichovunjika ni kichwa, kile kipande kinachoteleza huku na huku juu ya sindano na kufanya kazi yote. Fundi wa mjini alikigeuza mikononi akacheka. "Hii ya wazungu wa zamani, siste. Hata ukienda Nairobi kwa miguu hupati."

Ni jirani aliyenielekeza kwa mtu wa saiba. Miaka hiyo saiba ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nne juu ya duka la dawa za mifugo, na wengi wetu hatukuwa na anwani ya barua pepe. Mwenye saiba ndiye aliyekuwa anwani yetu sote. Alikuandikia, akakusomea, ukamlipa kwa dakika. Nilimweleza ninachotaka. Alitafuta siku mbili katika ule mtandao ambapo watu walianza kuuziana vitu vyao vya zamani, friji, viti, simu, na siku ya tatu akaniita nione picha. Kichwa kile kile, rangi ile ile ya krimu. Muuzaji alikuwa Nairobi. Alitaka elfu nne.

"Muulize atanitumiaje."

Akaandika. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: atatuma kwa gari la huku kwetu Machakos, niongeze mia tano ya kutuma.

Nilikuwa nimeuza mbuzi wa mama, yule wa mwisho. Nikatuma elfu nne na mia tano kwa simu, nikauhifadhi ule ujumbe wa simu kama cheti cha ubatizo. Sikuuliza zaidi. Kwetu ukimtumia mtu mzigo, wewe ndiye unayelipa gari. Tulipowatumia jamaa wa Nairobi maembe na pojo, tulimlipa kondakta hapa hapa, na wao kazi yao ilikuwa kunyoosha mikono tu. Kumtumia mtu mzigo halafu alipie ni kama kumwalika mtu chakula halafu umwonyeshe bei. Sikujua kwamba kuna watu wanaofikiri vingine.

Mzigo ulifika Jumatano. Mtu wa mizigo katika stage, kituo cha matatu, alikuwa na kibanda cha mabati, meza na daftari. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, amevaa koti la bluu la kazi lenye mifuko mingi, na kila mfuko ulikuwa na kalamu. Katoni yangu ilikuwa nyuma yake kwenye rafu. Niliiona, jina langu limeandikwa kwa wino mnene.

"Mia tatu, mwiitu," akasema. Mwiitu ni msichana, binti. Alilitamka vizuri, kama mtu aliye na mabinti.

"Nimeshalipa."

"Umelipa nani?"

Nikamwonyesha simu. Alisoma akirefusha mkono, maana hakuwa na miwani.

"Hii umetumia mtu. Hujatumia gari. Hii mzigo imekuja bila kulipiwa, ona hapa nimeandika." Akanionyesha daftari.

"Daftari ni lako. Kalamu ni yako. Ungeandika hata elfu."

"Mimi nikikupatia hii katoni, jioni mwenye gari anakata mshahara yangu. Piga simu kwa huyo mtu wako."

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Nikakaa kwenye jiwe mkabala na kibanda nikampigia muuzaji hadi chaji ikaisha. Mia tatu nilikuwa nayo. Nataka lieleweke hilo. Ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya leso yangu, ilikuwa ya unga, lakini nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo wa kulipa kitu kimoja mara mbili. Tangu mama afe kila mtu alikuwa amenilipisha mara mbili, na mkononi nilikuwa na ujumbe unaosema nimelipa.

Nilirudi Alhamisi. Akaniambia imekuwa mia tatu na hamsini, kwa sababu mzigo umelala.

"Umelala? Ulikuwa na godoro?"

Makanga, wapiga debe wa matatu, waliokuwa wakiegemea kibanda walicheka. Hata yeye alitabasamu. "Hiyo ni sheria ya wenye gari, mwiitu. Si mimi."

Makanga mmoja akasema, "Mpatie tu, mzee, labda atakupikia."

"Nitampikia mamako," nikasema.

"Wee! Huyu ana mdomo kama pilipili ya kwa Mhindi!"

Laiti ningeondoka hapo. Lakini niliona ameinama kuandika, nikazunguka meza, nikainyakua katoni kutoka kwenye rafu, nikatoka mbio.

Sikufika mbali. Alinishika kwa nyuma leso niliyokuwa nimejitupia shingoni, ikanikaba. Nikageuka na kumpiga kiwiko mdomoni. Hakuniachilia. Akashika katoni kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, na nikaona damu kwenye meno yake, lakini alikuwa bado anasema kwa sauti ya chini, "Weka chini, mwiitu. Weka chini tuongee." Nikampiga tena. Nikampiga teke la goti. Alikuwa na nguvu kuliko mimi na hakuwa ananipiga, ananivuta tu kurudi kibandani, na watu wameanza kugeuka kutazama. Nikajua nitaipoteza ile katoni, na nikiipoteza nimewapoteza watoto.

Nikapiga kelele. "Mwizi! Ananiibia! Mwizi!"

Ambaye hajawahi kuliona hili hawezi kuelewa kasi yake. Stage iko ubavuni mwa soko. Neno lile lilipita kwenye nyanya na mitumba, na kabla sijavuta pumzi nyingine mtu mmoja alikuwa ameshampiga kwa ubao. Wa pili alikuja na mnyororo wa baiskeli. Wa tatu sikumwona, niliona jiwe lake tu. Baadhi yao walikuwa wakimwona pale kibandani kila siku, wakimpa mizigo yao. Haikusaidia kitu. Alianguka kwa magoti, mikono kichwani, na kalamu zikamwagika kutoka mifukoni. Mwanamke mmoja muuza ndizi, mtu mzima, alikivua kiatu chake akampiga nacho usoni, huku akiuliza, "Ameiba nini? Ameiba nini?"

Mimi nilisimama nikiwa nimekumbatia katoni. Ilikuwa huru. Nikaanza kuondoka.

Nasema nilianza kuondoka kwa sababu ni kweli. Nilipiga hatua kama kumi na tano. Nilichokuwa nikikiwaza ni kwamba nikifika nyumbani saa nane naweza kumaliza mgongo wa sweta moja kabla ya jioni. Nyuma yangu nilisikia kishindo cha mti kwenye nyama, kisha mtu akasema, "Leteni tairi." Nikageuka. Lilikuwa likibingirishwa, tairi la lori, na mwenye kulibingirisha alikuwa anaomba njia kwa adabu kabisa. "Samahani, mama. Samahani kidogo."

Nikarudi mbio. "Si mwizi! Muache! Si mwizi!"

Hakuna aliyesikia. Nikamvuta mmoja shati. Alinitazama kwa macho ya mtu aliye kazini, akanisukuma. Watu waliokwisha kupiga hawataki kusikia kwamba waliyempiga hana kosa. Ukiwaambia hivyo unawaambia wao ni nini. Nilielewa hilo pale pale, sijui vipi, na nikajilaza juu ya yule mtu, katoni ikiwa chini ya tumbo langu, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Ni bwana yangu! Ni bwana yangu! Tumegombana nyumbani!"

Pigo moja lilinipata begani. Jingine halikuja.

"Anasema nini?"

"Anasema ni bwana yake."

"Aii! Kumbe ni mambo ya kitanda!"

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Yule wa mnyororo aliutupa chini kwa hasira. "Mama, siku ingine mpigie kwenu. Usitumalizie mawe."

"Na tairi yangu? Nimetoa tairi mpaka kule juu!"

"Rudisha tu, utachoma mwingine kesho."

Muuza ndizi alivaa kiatu chake. Kabla ya kwenda aliniinamia akanizaba kofi la haja. "Mwanamke mjinga," akasema. "Ungekuwa mjane sasa hivi." Akarudi kwenye ndizi zake.

Nilimpeleka mtu wa mizigo hospitali kwa mkokoteni wa mtu wa viazi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na kitu ambacho sikutaka kukitazama, na mkono mmoja ulikuwa umekaa vibaya. Tulipofika mlangoni ndipo alisema neno la kwanza.

"Katoni iko wapi?"

"Ninayo."

"Angalia kama imevunjika." Kisha akaongeza, "Nitaandika imeharibika njiani."

Nikafungua pale kwenye benchi, katikati ya wagonjwa. Muuzaji alikuwa amekifunga kichwa kwa magazeti, kisha sponji, kisha gunia, kisha magazeti tena. Hakikuwa na mkwaruzo. Sijawahi kuona kitu kilichofungwa vizuri namna ile.

Mkewe alikuja jioni, na habari zilikuwa zimeshamfikia. Mjini walikuwa wameshamwambia mumewe amepigwa akigombania mwanamke. Hakunisalimu. Alinivuta kutoka kwenye benchi kwa nywele.

"Wewe ndio bibi wa pili?"

Sikujikinga. Alinipiga kwa mkono, akachoka, akavua sandali akaendelea nayo, na nesi aliyekuwa akipita alisema tu, "Mama, fanyia nje." Yule mtu aliinua kichwa kutoka kitandani, akatazama kwa jicho moja.

"Wacha," akamwambia mkewe. "Huyo si bibi. Ni kastoma."

Ijumaa muuzaji alipokea simu. Nilikuwa nimejipanga kumtukana hadi kizazi cha tatu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu mzima mwenye mafua.

"Mzigo ulifika salama?"

"Ulinipa deni! Nilikutumia mia tano ya gari!"

"Hapana, dada yangu. Mia tano ilikuwa ya kutuma. Kununua katoni na sponji, na teksi mpaka stage, maana sina gari na ile kitu ni nzito. Ile ya matatu hulipwa na anayepokea. Hapa kila mtu hufanya hivyo." Akapiga chafya. "Kwani hukuniuliza?"

Nilikuwa nimesimama nje ya wadi, na ndani kulikuwa na mtu aliyefungwa bandeji kichwani. Nilikuwa nimemtafuta mwizi katika jambo hili siku tatu nzima, na hakukuwepo.

Tangu siku hiyo nimenunua vitu vingi kwa njia hiyo, nyuzi, sindano, hata mashine ya pili, na sitoi hata shilingi kabla sijapata majibu mawili kwa maandishi: kufunga na kupeleka mzigo stage ni juu ya nani, na gari lenyewe ni juu ya nani. Wauzaji hunichoka. Mmoja aliniambia ninauliza kama polisi. Nilimwambia ajibu tu.

Nilifunga kichwa kwenye mashine Jumamosi, nikafuma. Mia tatu na hamsini niliipeleka kibandani, na kijitabu cha gharama za hospitali nikakichukua mimi. Mkewe alisema sitamaliza kulipa mwaka huo, na ilikuwa kweli, ilinichukua mwaka na nusu. Hawakwenda polisi. Mumewe alikataa. Alisema polisi wataandika mambo yasiyokuwepo.

Jumapili ya mwisho wa Desemba baba mdogo alikuja na wazee wawili wa kanisa kutoka Kalama, waliovaa suti. Sweta zilikuwa zimepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha, kijani na kijivu. Wazee walizitazama, na mmoja akagusa shingo ya moja kuona ilivyokazwa. Baba mdogo akaona wanazitazama.

"Hamjaniuliza kwa nini nimewaleta," akasema. "Huyu amepiga kelele stage nzima kwamba ana bwana. Bwana wa mtu. Mnataka watoto wa marehemu ndugu yangu walelewe na malaya?"

Mzee mkubwa akanigeukia. "Mami, ni kweli ulisema huyo mtu ni bwana yako?"

Wadogo zangu walikuwa wamesimama karibu na mlango, wamevaa nguo za kanisani. Ningeweza kusema ndiyo, tutaoana. Ningeweza kusema hapana na kuishia hapo. Nikasema yote. Nikasema nilikuwa na mia tatu ndani ya leso, kwamba nilinyakua katoni, kwamba nilimwita mwizi mtu asiyekuwa mwizi, na kwamba nilipiga hatua kumi na tano. Nikasema na jicho lake la kushoto.

Mzee mdogo akasema polepole, "Heri ungekuwa malaya."

"Mmesikia," baba mdogo akasema. "Mmesikia wenyewe." Akageuka kwenye mashine. Hakuwa na jembe siku hiyo. Alishika kile kichwa kwa mikono miwili aking'oe.

Mashine ya kufuma huwa na vyuma vinavyoning'inizwa kwenye kitambaa ili kikaze. Kimoja kinajaa kiganja. Nilikitwaa kile kilichokuwa karibu nikampiga nacho juu ya vidole, pale vilipoegemea chuma cha mashine, na nikasikia vikivunjika. Alipiga ukelele wa juu, kama wa mtoto. Nikainua mkono nimpige kichwani. Mzee mkubwa alinishika kifundo cha mkono, akanishikilia mpaka baba mdogo alipokuwa nje.

"Watoto wabaki," akasema akivuta pumzi. Hakusema ni kwa nini. Nafikiri aliona tu kwamba atakayekuja kuwachukua itabidi aniue kwanza, na yeye alikuwa mzee na ni Jumapili.

Walibaki. Januari sweta zikaenda, kodi ikalipwa, wote watatu wakarudi shule. Mwaka ule tulikula vizuri kuliko miaka yote tangu mama.

Siku chache baada ya shule kufunguliwa nilikuwa kwenye mashine mchana, na kitinda mimba alikuwa amekaa sakafuni ananikunjia uzi uwe mpira. Alikuwa darasa la pili. Nilinyoosha mkono kuchukua mkasi uliokuwa kando yake, naye akainama ghafla, mabega yakapanda masikioni. Nikachukua mkasi. Akaendelea kukunja, polepole.

"Dada," akasema, "ukisema mtu ni mwizi, watu wanaamini tu?"

"Wanaamini."

"Hata hawaulizi?"

"Hawaulizi."

Alizungusha uzi mara tatu, nne.

"Hata ukisema ni mimi?"